Sahani ya mama lishe ina vikombe vingapi vya wali?

Swali

"Asalaam alaykum, mtaalamu. Mimi ni mwanamume wa miaka 51, nafanya kazi za uwakala wa forodha bandarini hapa Tanga. Mwaka jana niligundulika nina kisukari aina ya pili, na dawa yangu ni metformin tu. Nyumbani sina tabu. Mke wangu ananipimia wali kikombe kimoja cha mililita 250, na mboga na samaki, na sukari inakaa vizuri. Tabu ni nje. Mchana nakula kwa mama lishe Ngamiani, mwisho wa wiki harusi na maulidi hazikosi, tena tunakula sinia moja watu wanne au watano, na mara kwa mara naenda Dar kwa basi. Huko sina kikombe wala mzani. Nitajuaje nimekula kiasi gani? Ile njia ya ngumi na kiganja niliyofundishwa kliniki inatosha? Au ninunue mzani mdogo nitembee nao?"

Jibu

Waalaykum salaam, kaka yangu. Kazi kubwa mmeshaifanya nyumbani, wewe na wifi. Mtu anayekiona kikombe kimoja cha wali kila siku ameshaanza kuyafunda macho yake, na wengi ninaozungumza nao hawajafika hapo. Kilichobaki ni kuyapeleka macho hayo Ngamiani, harusini na barabarani.

Kwanza nikutue mzigo mmoja. Huna haja ya kukadiria kila kilichomo kwenye sahani. Kinachopandisha sukari yako baada ya mlo, kwa sehemu kubwa, ni wanga: wali, ugali, bada (ugali wa muhogo), chapati, muhogo, viazi, ndizi, pamoja na sukari ya kwenye vinywaji. Mchicha, bamia na bilinganya, hata ukizidisha mara mbili, kipimo hakitayumba sana. Samaki na nyama vina nafasi yake, na mafuta yanahusika sana na uzito wa mwili, lakini mtu mwenye njaa aliyekaa kwenye benchi, na mwenzake anasubiri nafasi, hawezi kupiga hesabu tano kwa pamoja. Piga moja, ya wanga.

Jambo la pili ni kwamba huli vyakula elfu. Kaa chini uandike ulichokula nje ya nyumba mwezi uliopita. Nina hakika utakuta ni vitu saba au vinane vinavyojirudia, katika vyombo vilevile, vikipakuliwa na watu walewale. Wali wa mama mmoja, chapati za kijana mmoja, pilau la sinia, chipsi za njiani, chai ya asubuhi ofisini. Hayo ndiyo masomo yako. Ukizijua sahani hizo saba vizuri, umeimaliza sehemu kubwa ya kazi, na chakula kigeni kitakachokujia mara moja moja utakikisia kwa kukilinganisha nazo.

Jicho likiachwa lenyewe hukosea, na hukosea kwa mwelekeo unaojulikana. Chakula kidogo tunakiona kingi kuliko kilivyo, na kingi tunakiona kidogo. Maana yake kosa linakuwa kubwa zaidi palepale ambapo sahani imezidi. Na sahani ikizidi, tunakula zaidi bila kuhisi. Mwaka 2002 Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, waliwapa watu makaroni kwa siku tofauti, sahani ya chini ikiwa na gramu 500 na ya juu gramu 1,000. Siku ya sahani kubwa watu walikula asilimia 30 zaidi kuliko siku ya sahani ndogo, na walipoulizwa wameshiba kiasi gani, majibu yalikuwa karibu yaleyale. Nalitaja hili kwa sababu wengi hujiona walafi, wakajilaumu, wakakata tamaa. Hakuna aibu hapo. Ndivyo binadamu anavyokula. Ila ukishalijua, unaelewa kwa nini uamuzi wa kiasi lazima ufanywe kabla ya tonge la kwanza. Ukisubiri tumbo likuambie, litachelewa.

Sasa twende kwa mama lishe.

Swali la kumuuliza ni moja: "Mama, kilo moja ya mchele inakutolea sahani ngapi?" Muulize wakati hana foleni, na umwambie sababu, asije akadhani mtu wa bandarini anamkagua biashara. Kila mama lishe anaijua hesabu hii kwa kichwa, kwa sababu ndiyo faida yake. Na jibu lake lina thamani kuliko makisio yoyote ya macho.

Kilo moja ya mchele mkavu ina takriban gramu 800 za wanga. Kuupika hakuongezi wanga wala hakuupunguzi. Kunaongeza maji tu. Akikujibu sahani sita, gawanya 800 kwa 6, unapata karibu gramu 133 kwa kila sahani. Kikombe chako cha nyumbani cha mililita 250, kikiwa na wali ulioiva, kina takriban gramu 45 hadi 50. Kwa hiyo sahani hiyo moja ni karibu vikombe vitatu vya kwako. Akisema sahani nane, ni gramu 100, yaani vikombe viwili. Akisema tano, ni gramu 160, na hapo umepita vikombe vitatu. Nimeweka namba hizi kwa mfano. Namba ya mama yako ndiyo ya kuifanyia kazi, na wawili wanaopika jirani wanaweza kutofautiana sana.

Hesabu hiyohiyo inafanya kazi kwa ugali na chapati. Unga wa sembe na unga wa ngano una takriban gramu 750 za wanga kwa kilo, wa muhogo unazidi kidogo. Mpika chapati akikuambia kilo inatoa chapati 10, kila moja ina gramu 75, ambayo ni zaidi ya kikombe chako cha wali hata kabla hujagusa maharage. Akitoa 15, ni gramu 50. Utaona kwamba ile desturi ya kusema "nimekula chapati mbili tu" haikuambii kitu mpaka ujue chapati ya nani. Mafuta ya kukaangia sijayahesabu hapo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina karibu kalori 120, na chapati za kusukuma hunywa mafuta si haba.

Ukishapata namba, angalia anachopakulia. Mama lishe hapakui kwa kubahatisha: ana kibakuli, kisahani au upawa wake, na sahani kamili ni mara mbili au mara tatu ya hicho. Kama sahani ya vikombe vitatu inatoka kwenye vibakuli vitatu, basi agizo lako ni rahisi: "Mama, mimi niwekee kibakuli kimoja cha wali, mboga uniongezee." Lipa bei ileile kama ni lazima. Siku ya tatu utakuwa huhitaji kusema, atakuwa anajua. Wengi wa akina mama hawa wana mzazi au jirani mwenye kisukari, wanaelewa upesi kuliko tunavyodhani. Akikuletea sahani imejaa kwa bahati mbaya, tenga kabla hujaanza: sogeza theluthi mbili upande mmoja, au mpe mwenzako, au uombe ifungwe. Usijiambie utaacha katikati. Mchuzi wa nazi ukishaenea sahani nzima, mpaka haupo tena.

Maharage nayo yana wanga, karibu gramu 20 kwa nusu kikombe yakiwa yameiva, lakini yana nyuzinyuzi nyingi na sukari yake hupanda polepole. Usiyaogope. Wali maharage wenye wali kidogo na maharage mengi ni chakula kizuri cha mchana kwako, kuliko wali samaki wenye mlima wa wali na kipande cha changu kama kidole. Ila yahesabu. Yakiwa nusu kikombe, punguza wali kidogo.

Umeuliza kama njia ya mkono inatosha. Ni njia nzuri, na ina sifa ya kutoka kwetu: wataalamu wa kisukari wa nchi za mbali, Kanada ikiwemo, wameifahamu kwa jina la Zimbabwe. Ngumi kwa wanga. Kiganja bila vidole, kwa unene wa kidole cha mwisho, kwa samaki au nyama. Viganja viwili vilivyokingwa kwa mboga. Ncha ya kidole gumba kwa mafuta. Faida yake ni kwamba mkono hausahauliki nyumbani, na mtu mwenye mwili mkubwa kwa kawaida ana mkono mkubwa, kwa hiyo kipimo kinamfuata mwenyewe.

Lakini ina mitego miwili. Ya kwanza ni kudhani kwamba ngumi ni kikombe. Ngumi ya mwanamume aliyezoea kazi inaweza kuzidi mililita 300. Ipime ya kwako mara moja tu maishani: weka bakuli ndani ya beseni, lijaze maji mpaka ukingoni, zamisha ngumi mpaka kwenye kifundo cha mkono, kisha pima maji yaliyomwagika kwenye beseni kwa kikombe chenu kilekile. Ukikuta ni kikombe na robo, utajua kwamba wali wako ni ngumi iliyopungua kidogo. Watu wanakwenda miaka na ngumi ambayo hawajawahi kuipima.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, na sijui kwa nini hausemwi vya kutosha kliniki. Ngumi ya wali, ngumi ya ugali na ngumi ya muhogo hazilingani. Wali una nafasi katikati ya punje, ugali umeshikana. Kiasi kilekile cha kikombe kimoja, kwa ugali uliokazana, kinaweza kubeba gramu 60 za wanga au zaidi, na muhogo wa kuchemsha unaweza kukaribia 80. Bada letu la muhogo, lile la kulia mchuzi wa papa, liweke kundi moja na ugali mgumu. Kwa hiyo ukitaka kulingana na kikombe chako cha wali, ugali au bada vichukue kama robo tatu ya kikombe, na muhogo kama nusu na kidogo. Mihogo ya kukaanga ya jioni, yenye kachumbari na pilipili, ina wanga uleule pamoja na mafuta. Vipande viwili vinene si kitafunwa, ni mlo.

Sinia sasa. Hapa ndipo watu wengi wanaponiuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu sinia lina heshima yake na hakuna anayetaka kuonekana anajitenga. Sikushauri uombe sahani ya peke yako, isipokuwa kama mwenyewe unapenda. Kula na wenzako. Kipimo unacho mkononi.

Kipimo chenyewe ni tonge lako. Mtu mzima anayekula kwa mkono tangu utoto ana tonge lenye ukubwa unaojirudia sana, kuliko hata kijiko. Fanya hivi nyumbani: wifi akupimie kikombe kimoja cha pilau kama kawaida, ule kwa mkono, bila haraka, na uhesabu matonge mpaka mwisho. Rudia siku nyingine uone kama namba inakaribiana. Tuseme yametoka 14 na mara ya pili 15. Hiyo ndiyo namba yako ya pilau, uiweke moyoni. Kwa ugali fanya hesabu yake peke yake. Harusini utahesabu kimyakimya, hakuna atakayejua. La kuangalia ni kwamba njaa hulikuza tonge. Ukitoka nyumbani saa nne asubuhi ukijua chakula cha harusi kitatoka saa nane, kula kitu kidogo njiani, karanga kiasi cha kiganja au yai la kuchemsha, ili mkono ufike kwenye sinia ukiwa na ukubwa wake wa kawaida.

Msaada wa pili ni adabu tuliyofundwa tangu chuoni: kula cha mbele yako. Katika sinia la watu watano, mbele yako ni moja ya tano. Kama mpishi amepanga kilo moja ya mchele kwa sinia, na mara nyingi ukimuuliza jikoni atakuambia, basi sehemu yako kamili ina gramu 160, zaidi ya vikombe vitatu. Theluthi ya sehemu hiyo ndiyo yako ya kula. Ukae ukijua hivyo kabla ya bismillahi, uitazame sehemu yako, uone theluthi inaishia wapi.

Halafu kuna suala la mkono. Kwenye sinia hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake, lakini mkono ukisimama wote wanaona, na mgeni akiacha mapema wengine huona haya kuendelea. Dawa yake ni kuanza na vingine. Anza na kachumbari, kisha nyama, kisha ndiyo wali. Hili lina ushahidi mzuri. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha udaktari cha Weill Cornell, New York, waliwapima watu 11 wenye kisukari aina ya pili wanaotumia metformin, kama wewe. Walipokula mboga na nyama kwanza, wanga baadaye, sukari yao saa moja baada ya mlo ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi kuliko walipoanza na wanga, na chakula kilikuwa kilekile. Ni watu wachache, kweli, lakini kufuata utaratibu huo hakugharimu kitu na kwenye sinia unakusaidia mara mbili: mkono unaendelea kwenda na kurudi, na wenzako wanakula kwa raha. Tafuna taratibu, zungumza, chambua mfupa. Mwenyeji akija na ungo wa kuongeza, "Alhamdulillah, nimeshiba, Mungu azidishe" inatosha, na ikiwa ni mtu wa karibu, mwambie ukweli siku moja kabla. Atakulinda yeye mwenyewe.

Biriani ni rahisi kidogo kuliko pilau kwa sababu wali na rojo vimekaa mbalimbali, unaweza kuzidisha rojo na nyama. Pilau lina mafuta ndani ya wali wenyewe, na mafuta huchelewesha sukari kupanda. Kumbuka hilo nikifika kwenye kipimo.

Kinachowaangusha wengi harusini kinakuja baada ya kunawa. Soda nyingi za kawaida zina karibu gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100. Soma lebo uone. Chupa ya mililita 350 inafika gramu 35 au zaidi, vijiko vya chai vinane au tisa, na inafanya kazi haraka kuliko wali kwa sababu haina cha kuizuia njiani. Ukinywa hiyo juu ya matonge yako 14 uliyoyahesabu kwa uangalifu, umekula milo miwili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa na ya juisi isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, na linasema nusu ya hapo ni bora zaidi. Kunywa maji. Kahawa chungu haina neno. Kashata na halua zinazoandamana nayo ndizo za kuzihesabu, na kipande cha halua ukikitaka sana, punguza matonge kwa ajili yake kabla, usisubiri baada.

Juisi watu huiona kama tunda. Chungwa moja la wastani lina karibu gramu 15 za wanga, na ukilila nyama zake linakushibisha. Glasi ya juisi halisi inakula machungwa matatu au manne, na ukiongeza sukari ya mwenye nyumba, imeipita soda. Dafu lina takriban gramu 4 za sukari kwa mililita 100, hivyo dafu dogo moja kwa siku ya jua kali linavumilika. Chai: kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, kilichojaa kama kilima kinaweza kufika 6 au 7. Kama umezoea vitatu vya kilima mara tatu kwa siku, hapo pana zaidi ya gramu 50, na hukuwahi kukaa mezani.

Safari. Kutoka stendi ya Kange hapa Tanga mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 300, na basi likisimama Segera au kwingineko unapewa dakika chache, umechoka, na kinachokuita ni chipsi. Chipsi zinakadiriwa hivi: zirudishe akilini ziwe viazi. Kiazi mbichi cha gramu 150, kiasi cha ngumi ndogo, kina karibu gramu 26 za wanga. Sahani ikionekana imetoka kwenye viazi vitatu vya namna hiyo, una gramu 78. Chipsi mayai zina yai la kukusaidia, lakini mafuta ni mengi na viazi ni vilevile. Ukiweza, mishkaki miwili au kuku wa kuchoma na kachumbari, na nusu ya chipsi. Lililo bora zaidi ni kufungasha: mfuko wa karanga, mayai mawili, machungwa ya Muheza yatakayokuja yenyewe dirishani. Machungwa hayo mtu huyala manne bila kuhesabu kwa sababu yanamenywa moja baada ya jingine. Yaweke maganda yake mbele yako ujione.

Sasa mwamuzi wa haya yote: mashine ya kupimia sukari. Makisio yako ni dai tu mpaka yapimwe. Najua vipimo vyake vina gharama, kwa hiyo usipime kila mlo. Chagua sahani zile saba. Pima kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza, mara mbili kwa kila sahani, siku tofauti. Watu wazima wengi wenye kisukari hulenga 4.4 hadi 7.2 kabla ya mlo na chini ya 10 saa moja mpaka mbili baada yake, kwa vipimo vya milimoli kwa lita tunavyotumia hapa. Daktari wako anaweza kukuwekea malengo mengine. Sahani uliyodhani ni kikombe kimoja, sukari ikapanda kwa namna ambayo kikombe kimoja cha nyumbani hakikupandishi, basi haikuwa kikombe kimoja. Kwa pilau na chipsi mayai ongeza kipimo cha saa tatu au nne, kwa sababu ya yale mafuta niliyoyasema. Saa mbili baadaye unaweza kujiona salama wakati sukari ndiyo kwanza inapanda.

Andika namba hizo kwenye daftari pamoja na picha ya sahani uliyoipiga kwa simu kabla ya kula, na kikombe au ngumi yako kando yake. Nenda nalo kliniki. Daktari anayeona sahani halisi na namba halisi atakushauri vizuri kuliko anayesikia "nakula kawaida". Na hicho kikombe kimoja chenyewe ni kiasi cha kuzungumza naye. Wapo wanaofaa kwa gramu 45 kwa mlo, wapo wanaofaa kwa 60, kulingana na mwili, kazi na dawa.

Kwa msomaji mwingine atakayefuata jibu hili: ndugu yetu anatumia metformin peke yake, ambayo kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi. Kama wewe unatumia insulini au glibenklamaidi, usikate wali ghafla kutoka vikombe vitatu hadi kimoja bila kuzungumza na daktari, kwa sababu dawa itakuta chakula kimepungua na sukari inaweza kushuka chini ya 4. Ukitetemeka, ukatokwa na jasho, moyo ukaenda mbio, kula au kunywa gramu 15 za sukari, vijiko vya chai vitatu hadi vinne kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Hapo hata soda ile niliyoikataa ni dawa.

Kuhusu mzani, kaka, nunua ukipenda, ila ukae jikoni. Kazi yake ni wiki za mwanzo: kujua kikombe chenu cha wali kina gramu ngapi, ngumi yako ya ugali ina gramu ngapi, chapati ya yule kijana ukiileta nyumbani ina gramu ngapi. Kwa kugeuza gramu za chakula kuwa gramu za wanga, yapo majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Mtaalamu wa lishe wa hospitali anaweza kukusomea. Ngamiani usiende nao. Nenda na swali la kilo inatoa sahani ngapi, na ukilipata jibu, niandikie namba yake tuigawanye pamoja.